Ukosi wa Oyone

"Oyone, hebu tuambie, umekufa lini? Mbona sisi majirani hatukuitwa mazishini?"

Aliyeuliza ni Otora, mke wa fundi ndoo, kisimani kwetu Kanda, hapa mjini Edo, asubuhi ya jua zuri, wanawake wa kichochoro tukiwa tumechutama tunaosha mchele. Mkononi alishika picha mpya ya kuchapwa, aliyoinunua jana yake kwenye duka la bwana Hinokiya, mchapishaji wa picha. Sote tulikuwa tunaijua. Ni picha ya Oyone mwenyewe, amesimama kichochoroni anabandika kitambaa kilichofuliwa kwenye ubao wa kuanikia, mikono ya kimono imefungwa nyuma kwa kamba, aproni kiunoni. Tangu itoke tulikuwa tunatembea vifua mbele kama vile tumechorwa sote.

"Nimekufa?" Oyone akasema. "Basi nimekufa na uroho wangu, maana asubuhi hii nimekula bakuli tatu."

"Cheka tu, shoga. Tazama ukosi wako hapo kifuani. Upande gani uko juu?"

Tukainama juu ya ile karatasi, mikono ikidondosha maji, Otora akipiga kelele tusimlowanishie mali yake. Nami nikaona. Upande wa kulia wa ukosi ulikuwa umelala juu ya upande wa kushoto. Sisi tulio hai, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini, tunalaza wa kushoto juu ya wa kulia. Kinyume chake mtu hufungiwa mara moja tu, akishaoshwa, kabla ya kutiwa jenezani. Nikajikuta nimelitaja jina la Buddha Amida kwa sauti.

Oyone alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe la kisima. "Jamani! Mimi ninayewavalisha wafu wa kichochoro hiki, leo nimevalishwa mimi! Na wala sikupakwa poda."

Na ni kweli ndiye aliyekuwa akituvalishia wafu wetu. Mama mkwe wangu alimvalisha yeye. Ndiyo maana utani wa Otora ulimkaa vizuri, akawa anajifuta machozi ya kicheko kwa pindo la mkono. Halafu ghafla kicheko kikakatika. Akaitwaa ile picha, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Otora, niazime hii mpaka mchana."

"Maiti anaazima! Tangu lini?"

Oyone aliondoka na picha, akauacha mchele wake kwenye chekeche, na hiyo si tabia yake hata kidogo.

Namjua Oyone tangu aletwe hapa akiwa bibi arusi wa miaka ishirini. Kwao ni Kawagoe, baba yake alilima viazi vitamu. Aliingia Edo na miaka kumi na miwili kuwa mtumishi kwa mtia rangi wa nguo, na huko ndiko alikofundishwa kufumua kimono mshono kwa mshono, kufua vipande, kuvipaka wanga wa mwani na kuvibandika ubaoni vikauke bila mkunjo. Mumewe, Jinpachi, ni mchongaji wa mbao za kuchapia picha. Walipatana kwa njia ya kuchekesha. Jinpachi alikwenda kwa yule mtia rangi kuomba matambara ya kufungia visu vyake. Akaenda mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano mke wa mwenye nyumba akamwambia, "Wewe kijana, visu vyako vingapi? Sema unachokitaka, tupumzike."

Walipata watoto watatu. Wawili waliondoka kwa surua, mwaka mmoja, mwezi mmoja. Waliovalisha wale watoto walikuwa watu wa kukodi, wenye haraka, na mmoja alikuwa ananung'unika kuhusu mvua. Tangu hapo mtu akifariki kichochoroni kwetu, Oyone anakuja na maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, anamwita marehemu kwa jina lake, anamwambia, "Sasa nainua mkono wako wa kushoto," kama anayesema na mtu anayesinzia. Malipo yake ni kikombe cha chai, na akipewa kitafunio anakifunga kwenye karatasi ampelekee Jinpachi. Mtoto aliyebaki, Osato, ameolewa na mtengeneza tofu huko Fukagawa, na ana mapacha wanene.

Ukimuuliza hali atakwambia nzuri. Mvua ikinyesha siku tano atakwambia nzuri, anafumua ndani. Nimeishi karibu naye miaka thelathini, sijawahi kumsikia akiwaonea wivu hata wale wenye nyumba inayotazama jua.

Sasa hiyo picha. Mwezi wa pili mchoraji mmoja alikuja kumletea Jinpachi kazi, akamkuta Oyone nje na ubao wake. Akasimama. Akatoa brashi.

"Usijisumbue, bwana," Oyone akamwambia. "Wasichana wa nyumba za chai wako ng'ambo ya daraja."

"Hao, watu wamewachoka, mama. Siku hizi wanataka mwanamke anayefua, anayeshona, anayemkuna mtoto mgongo. Endelea tu na kazi yako."

Mchoro ulipokuja, Oyone aliutazama akashika mbavu. Shingo ndefu kama ya bata bukini, miaka ishirini imeondolewa, vidole kama vya mtu asiyewahi kugusa maji baridi. "Huyu ni Osato," akasema, "ila Osato hasimami kwa maringo hivi." Jinpachi yeye hakucheka. Aliushika ule mchoro kwa mikono miwili, akasema kichwa atakichonga yeye mwenyewe, na mwili, na ubao mzima, asiguse mtu mwingine.

Kazi yao inakwenda hivi. Mchoro huchorwa kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Mchongaji anapaka ubao wa mcheri gundi ya wali, anaulaza mchoro kifudifudi, uso chini, halafu anaisugua karatasi kwa ncha za vidole mpaka ibaki mistari tu. Anachonga picha iliyogeuka, ili ikichapwa itoke sawa. Karatasi hiyo wino wake unaonekana pande zote mbili, kwa hiyo kabla ya kuibandika mtu huiinua kwenye mwanga: upande wa wino unang'aa kidogo, wa nyuma haung'ai. Huo mng'ao ndio pekee unaomwambia. Jinpachi alikuwa na miaka arobaini katika kazi hiyo, na hakuwahi kukosea. Siku ile aliibandika picha ya mkewe uso juu.

Mtu atauliza, maandishi je? Si yangetoka kinyume? Maandishi huchongwa na mchongaji mwingine, kwenye kipande chake, kikapachikwa pembeni baadaye. Yalitoka vizuri kabisa. Na mwanamke anayebandika kitambaa kwa mikono yote miwili, hata ukimgeuza, bado anabandika kitambaa. Chini ya kiuno kuna aproni, imeficha mpishano wa kimono. Kilichobaki kusema ukweli ni ukosi peke yake.

Nilibeba chekeche la mchele la Oyone nikampelekea. Sikukusudia kusikiliza, lakini nyumba zetu ukuta ni ubao mmoja. Ukikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya nne wanakupa pole. Nilifika mlangoni nikasikia:

"Baba Osato, njoo huku kwenye mwanga."

"Niko kazini."

"Njoo tu. Unaona nini hapa?"

"Namwona mke wangu. Ila umekonda."

"Ukosi, Baba Osato. Tazama ukosi."

Karatasi ikachakacha. Kisha Jinpachi akasema, "Mchoraji mlevi yule! Nilijua tu. Amechora kinyume."

"Alichora sawa. Niliutazama mchoro wake kabla hujaubandika. Niliicheka shingo, ukosi haukuwa na kosa."

"Basi ni mchapaji."

"Baba Osato."

Nilisimama mpaka mchele mikononi mwangu ukaacha kudondosha maji. Sikujua niingie au nirudi. Hatimaye Jinpachi akaanza kuongea, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume yule.

"Zamani upande wa wino ulikuwa unang'aa. Siku hizi hauning'arii. Tangu maua ya mcheri ya mwaka jana naona kila kitu kina ukungu. Nilidhani wanatengeneza wino mbaya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Unachagua visu kwa kidole gumba. Unapapasa vijiti vya kulia chakula vikiwa mbele yako. Na juzi ulidhani niko mlangoni, kumbe ni kimono ya Otora nimeitundika."

"Ukakaa kimya?"

"Uliiomba chai kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuombwa. Nikaona nisikukatize."

Jinpachi akacheka, kicheko kilichogeuka njiani kikawa kitu kingine. Nikamsikia akivuta kamasi. "Hinokiya akijua hili atachukua mbao zake zote, Oyone. Nani atampa kazi mchongaji asiyejua mbele na nyuma ya karatasi? Mwaka mpya tu, siku tatu bila kisu, nazunguka humu ndani kama nyenje kwenye tundu. Nikikalishwa bure nitakufa."

"Hutakufa. Aliyekufa ni mimi," Oyone akasema. "Lete mkono wako."

Alimpa ubao mmoja wa zamani uliokuwa umeegemezwa ukutani, akamwambia aupitishie vidole na kumweleza kuna nini. Akaeleza: hapa mkunjo wa mkono wa kimono, hapa pindo, hapa kamba ya mshipi. Hakukosea hata kimoja. Alipofika kichwani akasita.

"Nguo naweza bado," akasema. "Mbao za kuchapia rangi naweza. Nywele siwezi tena."

Kwa wachongaji, nywele za kwenye paji la uso ndizo cheo chenyewe, kila unywele unachongwa peke yake, mwembamba kuliko ule wa kweli. Jinpachi kutamka maneno hayo ni sawa na kuvua jina lake akaliweka sakafuni. Nami nikaliweka lile chekeche mlangoni polepole, nikaenda zangu, nikamwashia Buddha ubani nikiwaombea wote wawili.

Walikubaliana wamwendee Hinokiya kesho yake wamwambie wenyewe. Hawakuwahi. Alasiri ileile alikuja yeye, mnene wa watu, akijipepea uso kwa upepeo wa kukunja, na picha chini ya kwapa. Mke wa mfanyabiashara wa mchele alikuwa amenunua picha tano awapambie wageni wa arusi ya binti yake, na mama wa bwana arusi alipoiona tu, akamwaga chumvi kizingitini kufukuza nuksi ya kifo, na kudai arusi iahirishwe.

Kwa bahati, wanawake wote wa kichochoro tulikuwa na kitu cha kufua wakati huohuo, karibu na mlango ule.

"Jinpachi!" Hinokiya akaita kabla hajavua viatu. "Umemuua mkeo!"

"Karibu, bwana mkubwa," Oyone akasema. "Keti. Marehemu anakuletea chai."

"Si jambo la mzaha, mama. Karatasi mia mbili ziko mitaani!"

"Ndiyo maana naleta na figili za chumvi. Tulizitia pipani sisi wenyewe."

Hinokiya akaketi, maana figili za Oyone zinajulikana. Jinpachi akatoka kwenye meza yake ya kazi, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Kosa ni langu, bwana. Niliubandika mchoro uso juu. Macho yangu yamekwisha, nami nimekuficha mwaka mzima."

Nje hata Otora aliacha kufua. Naamini Hinokiya alikuja amejiandaa kwa ubishi, na ubishi ulipokosekana, hasira yake haikujua pa kuketi. Akaufunga upepeo.

"Mwaka mzima," akasema. "Na picha ya mwanamke na chandarua, ile ya vuli?"

"Niliichonga kwa vidole."

"Ile iliuzwa vizuri!"

"Ndiyo, bwana."

Hinokiya akatafuna figili, akatafuna nyingine. "Jinpachi, mwongo ningemfukuza. Wewe nikufanye nini? Sikiliza. Picha hii nitampa mchongaji mwingine, achonge yote upya. Wewe pumzika. Umefanya kazi ya kutosha. Nitakuletea zawadi mwaka mpya, nitakuja kukusalimu."

Yalikuwa maneno ya upole, na aliyasema kwa moyo mzuri. Lakini nilikuwa namwona Jinpachi kupitia upenyo wa mlango. Mikono yake ilikuwa juu ya mkeka, mitupu, na vidole vilikuwa vinajikunja vyenyewe kana kwamba vinatafuta mpini.

Oyone akamwongezea mgeni chai. "Bwana mkubwa, wewe uliitazama picha hii kabla haijauzwa?"

"Mara kumi!"

"Na mchoraji?"

"Aliitazama, akachagua rangi zote."

"Na yule bwana wa serikali anayekagua picha?"

"Si muhuri wake huo hapo?"

"Na wachapaji, na waliopanga dukani. Hao wote ni wanaume wangapi?"

Hinokiya akahesabu kwa vidole, akarudia. "Kumi na mmoja."

"Na mwanamke mmoja tu kisimani!" Otora akapasuka huko nje, akashindwa kabisa kujizuia. "Tena hajala hata kifungua kinywa!"

Tulicheka mpaka ndoo zikapinduka. Hinokiya naye alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. Nikamwona akiinamisha kidevu kidogo, kwa siri, akiukagua ukosi wake mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu. Yeye alitazama jina la duka, mchoraji alitazama rangi, mchapaji alitazama kama mistari imekutana. Ukosi huonwa na anayewafunga wengine ukosi, watoto asubuhi, wazee jioni, na wale wasioweza tena kujifunga.

Kicheko kilipotulia Hinokiya akamgeukia Oyone, na sasa alizungumza naye kama mtu anavyozungumza na mwenye nyumba.

"Mama, aliyechorwa ni wewe, na aliyevikwa kimaiti mbele ya Edo nzima ni wewe. Kabla sijakata neno, sema. Unataka nini?"

Oyone akaiweka birika kando. Akakaa vizuri, akaweka mikono miwili mbele yake, akainama. Ni mwanamke ambaye ukienda kuomba chumvi anakuwa ameshakutilia kabla hujafungua mdomo, lakini yeye mwenyewe kuomba, sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Alichojibu Hinokiya kila mtu wa hapa anakijua, kwa sababu mpaka leo, kukipambazuka, nyundo ndogo ya Jinpachi huanza kabla ya kengele ya hekalu kumaliza, na mimi huifurahia kama naisikia mara ya kwanza. Kwa hiyo naandika tu alichoomba, kama alivyokisema, maana hakukipamba.

"Naomba ubao huu umwachie mume wangu. Ataukata ukosi tu, apachike kipande kipya cha mcheri, auchonge tena, nami nitakaa pembeni yake nimwambie mstari uko wapi. Nywele za picha zinazokuja wape wenye macho mazuri, yeye mpe nguo na mbao za rangi. Na kila mchoro utakaoingia humu ndani, kuanzia leo, niruhusu niubandike mimi."